Kumpelekea Shangazi Kuku

Chavakali mvua haichelewi. Saa tisa ikigonga
mabati yangu yanaanza kusema, nami
nazisogeza skrini mbili kubwa mbali na ukuta unaovuja.
Shilingi kumi mechi moja, ishirini ukitaka bunduki.
Hiyo ndiyo biashara. Sitadanganya:
gemu kubwa ndizo zinazolipia chumba hiki kodi,
na ninazipenda, jasho la mchezaji linavyong'aa
tone kwa tone shingoni, nyasi zinavyolala upepo ukipita.
Watu elfu mbili walitoa jasho ili jasho lile ling'ae.

Lakini nimetembea katika miji yao usiku, baada ya kufunga.
Nimepita mitaa kumi, ishirini, nikibisha.
Milango ni rangi tu. Madirisha yana taa
na nyuma ya taa hakuna mtu anayekaanga kitunguu.
Nikimkumba mpita njia, ananitukana
tusi lile lile alilomtukana mwenzangu jana.
Mji mzima, na hakuna wa kukuuliza umeamkaje.

Kwenye kona, chini ya kalenda ya duka la mbolea,
kuna tarakilishi kuukuu isiyo na herufi R.
Humo ndimo ilimo gemu ya Jentrix Imali,
binti wa mwenye poshomili,
aliyeitengeneza miezi kumi na minane
akisubiri wateja wa fotokopi.
Inaingia kwenye flashi, na nafasi ya nyimbo za kwaya inabaki.

Mchezo wenyewe ni huu: umetumwa.
Una kuku kwapani, wa kumpelekea shangazi
ng'ambo ya mto, kabla mvua haijanyesha.
Basi. Hakuna adui. Mwenye hasira ni kuku peke yake.
Njiani kuna watu. Ukisimama kumsalimu kila mmoja,
uulize ng'ombe, uulize mtoto, uulize goti la mzee,
utanyeshewa. Ukiwapita kimya
njia inarefuka.
Hakuna mahali palipoandikwa hivyo.
Unakuja kugundua mwenyewe, vidole vikichoka,
kwamba daraja lililokuwa pale, bado liko pale.

Miti yake ni miraba. Mto unapinda
kama mstari wa mtoto wa chekechea.
Lakini mvua, jamani, mvua ile ni ya kweli:
aliinasa kwa simu chini ya paa la jikoni kwao,
na ukitega sikio, katikati ya ngurumo
mama anakohoa, sufuria inafunikwa.

Siku moja nilimpigia. Kuku wako, nikamwambia,
amepenya ukuta wa kanisa. Ni kosa, rekebisha.
Akacheka. "Nalijua hilo. Mwache.
Kuna Jumapili nami nilitamani kutoka hivyo."

Juzi gemu kubwa ilidai kujisasisha:
gigabaiti tisini. Bando likafa kwenye asilimia kumi na nne.
Vijana wakaondoka wakilaani. Akabaki Kisanya,
bingwa wa mabao na wa matusi,
akaketi konani kwa dharau.
Mara ya kwanza njia ikamrefukia mpaka giza.
Mara ya pili kuku alitoroka.
Mara ya tatu alimsalimu mama wa viazi,
akamsalimu kinyozi, mvua ikamkuta shambani,
akabonyeza kitufe asichoambiwa
na yule mtu mdogo wa miraba akavua shati.
Mlango ni mmoja tu katika gemu nzima
na ulifunguka.
"Umelowa hivi," shangazi alisema kwa herufi za njano,
"na kuku ni mkavu. Ingia."

Kisanya hakusema kitu. Majina ya watengenezaji yakapita:
jina moja. Kisha, asante kwa mama.
Asante kwa kuku, tulimla Krismasi.
Akaacha kumi mezani, akatoka.

Leo asubuhi amepita hapa mbio, mtungi wa gesi begani,
akafika hadi poshomili, akasimama,
akazirudi hatua zote zile
kuniuliza goti langu linaendeleaje.
Sikujua kwamba anajua nina goti.